Barghash bin Said

Barghash bin Said Al-Busaidi (takriban 1837 – Machi 1888) alikuwa sultani wa pili wa Zanzibar. Alitawala kuanzia Oktoba 1870 hadi kifo chake. Alikuwa mwana wa Said bin Sultan, mtawala wa Omani aliyehamishia makao yake Zanzibar.

Barghash anakumbukwa hasa kwa mambo matatu: mkataba wa mwaka 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini, majengo na huduma alizouachia mji wa Zanzibar, na kupotea kwa sehemu kubwa ya himaya yake ya bara mbele ya Wajerumani na Waingereza. Jambo la nne husahaulika mara nyingi, ingawa liliathiri yote mengine: kimbunga cha Aprili 1872. Kimbunga hicho kilipiga kisiwa cha Unguja wakati sultani hajamaliza hata miaka miwili madarakani. Kiliangusha mashamba ya karafuu na minazi, kikazamisha vyombo bandarini na kubadilisha uhusiano wa Unguja na Pemba hadi leo.

Familia na ujana

Barghash alizaliwa Zanzibar mnamo mwaka 1837. Mama yake alikuwa suria Mhabeshi. Kwa kuwa Said bin Sultan alikuwa na watoto wengi kwa masuria mbalimbali, Barghash alikua pamoja na ndugu wengi wa baba mmoja na mama tofauti. Kati yao walikuwa Thuwaini, aliyebaki Omani, Majid, aliyekuja kuwa sultani kabla yake, Bi Khole, na Bi Salme, ambaye baadaye alijulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete.

Mnamo Oktoba 1856 Said alifariki dunia baharini karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa njiani kutoka Omani kurudi Zanzibar. Barghash alikuwa ndani ya merikebu hiyo. Alifika na maiti ya baba yake, ikazikwa usiku, na inasimuliwa kwamba alijaribu kuishika ngome na jumba la mfalme kabla watu hawajapata habari. Jaribio hilo halikufaulu, na Majid akatambuliwa kuwa mtawala wa Zanzibar. Thuwaini alishika Omani.

Uasi wa 1859 na uhamisho

Miaka mitatu baadaye Barghash aliasi dhidi ya Majid. Aliungwa mkono na ukoo wa Al-Harthi, uliokuwa na nguvu kisiwani tangu kabla ya Mabusaidi, na pia na dada zake Khole na Salme. Salme, aliyekuwa bado kijana, aliwaandikia barua wale waliokula njama, kwa sababu alijua kuandika.

Nyumba ya Barghash mjini ilizingirwa na askari wa Majid. Dada zake walimtoa kwa kumvika mavazi ya kike, akapita kati ya walinzi na kwenda kwenye shamba lililoitwa Marseille, ambako wafuasi wake walikuwa wamejikusanya. Majid aliomba msaada wa balozi mdogo wa Uingereza, Christopher Rigby, na mabaharia Waingereza walisaidia kuuzima uasi. Barghash alirudi mjini kwa siri na mwishowe akajisalimisha.

Alipelekwa Bombay, Uhindi, akakaa huko takriban miaka miwili. Aliuona mji mkubwa wa bandari wenye meli za mvuke, maji ya bomba na mitambo ya uchapishaji. Alirudi Zanzibar mnamo 1861 na kuishi kimya chini ya utawala wa kaka yake. Katika mwaka huohuo Uingereza ilithibitisha kwamba Zanzibar na Omani ni dola mbili tofauti.

Kutawazwa

Majid alifariki tarehe 7 Oktoba 1870 bila kuacha mtoto wa kiume. Barghash alitawazwa bila vita. Mwanzoni alikuwa karibu na Waibadhi wenye msimamo mkali wa dini, waliotarajia kwamba angepunguza mamlaka ya wageni. Hakuonyesha haraka ya kuwaridhisha Waingereza, hata pale balozi wao mdogo John Kirk alipomdai makubaliano juu ya biashara ya watumwa.

Hazina aliyoirithi ilikuwa na madeni. Mapato ya ushuru wa forodha yalikuwa yamekodishwa kwa wafanyabiashara Wahindi, nao walikuwa wanaidai familia ya kifalme. Zaidi ya hayo, mji ulikuwa ndiyo kwanza umetoka katika janga la kipindupindu la miaka 1869–1870, lililoua watu wengi mno. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar, aliandika baadaye kitabu juu ya janga hilo na njia zilizolieneza Afrika Mashariki.

Uchumi wa kisiwa kabla ya kimbunga

Mkarafuu si mti wa asili wa Zanzibar. Uliletwa kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa mwanzoni mwa karne ya 19. Said bin Sultan aliwahimiza wenye mashamba kuupanda, na katika muda wa miaka thelathini hivi sehemu ya magharibi na kaskazini ya Unguja, yenye udongo mzuri, ilijaa mikarafuu na minazi. Wenyeji wengi waliokuwa wakilima huko walisogea kwenye ardhi ya mawe upande wa mashariki na kusini.

Kazi ya kupalilia, kuchuma, kuchambua vikonyo na kuanika karafuu ilifanywa na watumwa walioletwa kutoka bara. Mashamba yaliongezeka hadi karafuu zikazidi mahitaji ya soko na bei ikashuka kwa miaka mingi. Wenye mashamba walikopa kwa wafanyabiashara Wahindi na kuweka mashamba yao rehani. Hivyo, wakati kimbunga kilipofika, mashamba mengi ya Unguja yalikuwa na miti mingi, madeni mengi na faida ndogo. Pemba nayo ilikuwa na mikarafuu, lakini michache zaidi. Ilijulikana hasa kwa mpunga na ng'ombe.

Kimbunga cha Aprili 1872

Vimbunga vya Bahari ya Hindi kwa kawaida havifiki Zanzibar. Kisiwa cha Unguja kiko kwenye latitudo ya nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta, na karibu na ikweta nguvu inayotokana na mzunguko wa dunia, ambayo huifanya dhoruba izunguke, ni ndogo. Vimbunga vingi hupita kusini zaidi, kuelekea Madagaska, Morisi na Msumbiji. Kwa sababu hiyo watu wa Unguja hawakuwa na mazoea ya kujiandaa kwa upepo wa namna hiyo. Nyumba nyingi zilikuwa za udongo na makuti, na vyombo vilitia nanga mbele ya mji kwa kutegemea pepo za kawaida za kaskazi na kusi.

Tarehe 15 Aprili 1872, wakati kaskazi ilikuwa imekwisha na kusi na mvua za masika zimeanza, kimbunga kilipiga Unguja na pwani inayokabiliana nayo. Kilidumu muda usiofika siku nzima, lakini kilitosha kuharibu kazi ya miaka hamsini.

Bandarini, karibu vyombo vyote vilivyokuwa vimetia nanga vilizama au vilitupwa ufuoni. Merikebu za sultani, ambazo baadhi zilikuwa urithi kutoka kwa baba yake, zilipotea pamoja na majahazi ya wafanyabiashara. Kwa dola iliyotawala visiwa na pwani ndefu, kupoteza merikebu ilikuwa ni kupoteza njia ya kupeleka askari, barua na ushuru. Mjini paa zilizolewa na nyumba nyingi zikaanguka.

Mashambani hasara ilikuwa kubwa zaidi. Mkarafuu una mizizi isiyokwenda chini sana na matawi yanayokatika kwa urahisi, kwa hiyo miti iling'olewa safu kwa safu. Minazi, ambayo kwa kawaida huinama na kustahimili upepo, nayo ilikatika au kung'oka. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba takriban theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja iliangamia. Sehemu nyingine palibaki miti ya kuhesabika tu.

Upande wa bara, misheni ya Wakatoliki ya Bagamoyo ilibomolewa. Henry Morton Stanley, aliyefika pwani mnamo Mei 1872 akitoka kumtafuta David Livingstone, alikuta dalili za uharibifu huo, na alieleza pia mafuriko yaliyoharibu vijiji katika mabonde ya ndani.

Pemba, iliyoko kaskazini zaidi, haikupigwa kwa nguvu hiyo. Mikarafuu yake ilibaki imesimama.

Kupanda upya

Mche wa mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita au saba hivi, na huchukua muda mrefu zaidi kufikia mavuno kamili. Mnazi wa kienyeji pia huhitaji miaka ya namna hiyo. Kwa hiyo mwenye shamba aliyepanda mara tu baada ya kimbunga alijua kwamba hangevuna chochote cha maana hadi mwishoni mwa miaka ya 1870, na katika muda huo deni liliendelea kukua.

Baadhi ya wenye mashamba Unguja walishindwa na mashamba yao yakaangukia mikononi mwa waliowakopesha. Wengine walipanda minazi badala ya mikarafuu, kwa kuwa nazi ilikuwa na soko la uhakika kwa ajili ya chakula, mafuta na mbata. Wengine walipanda muhogo kati ya visiki ili watu wapate chakula. Wenye uwezo walirudisha mikarafuu. Taratibu Unguja ilipata tena mashamba yake, lakini haikurudi kuwa mzalishaji mkuu wa karafuu.

Nafasi hiyo ilichukuliwa na Pemba. Kwa kuwa karafuu ziliadimika sokoni, bei ilipanda ghafla, na waliokuwa na miti iliyobaki Pemba walipata faida ambayo haikuonekana kwa miaka mingi. Waarabu wa Unguja walivuka kwenda kutafuta ardhi huko, na Wapemba wenyewe walipanda mikarafuu kwenye viunga vyao vidogo. Vilima vya Pemba vyenye mvua nyingi viliifaa mikarafuu kuliko Unguja. Miti iliyopandwa katika miaka ya 1870 ilipoanza kuzaa, Pemba iliipita Unguja, na tangu wakati huo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar imekuwa ikitoka Pemba. Miti mingi iliyopandwa wakati ule ilihudumia vizazi kadhaa vilivyofuata.

Historia hii ya kujijenga upya ina upande mwingine. Kusafisha mashamba yaliyoanguka, kuchimba mashimo, kupanda na kumwagilia miche, kisha kuchuma mavuno ya Pemba, kulihitaji mikono mingi, na wakati ule mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Waingereza wengine walidhani kwamba kwa kuwa mashamba yameharibika, haja ya watumwa ingepungua. Ikawa kinyume: bei ya watumwa ilipanda, hasa Pemba. Majina ya watu walioifanya kazi hiyo hayakuandikwa. Katika kumbukumbu za wakati ule wanaonekana tu kama idadi ya watu waliokamatwa katika majahazi ya magendo.

Mkataba wa 1873

Mnamo Januari 1873, miezi tisa baada ya kimbunga, ujumbe wa Uingereza ukiongozwa na Bartle Frere ulifika Zanzibar. Ulimtaka Barghash atie saini mkataba wa kukomesha kabisa usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari. Hadi wakati huo mikataba ya awali iliruhusu usafirishaji ndani ya eneo la sultani, yaani kati ya pwani ya bara na visiwa.

Barghash alikataa. Moja ya sababu alizotoa ilikuwa kimbunga: mashamba ya watu wake yalikuwa yameanguka, merikebu zake zimezama, na kuwaondolea vibarua wakati huo kungewamaliza. Pia aliogopa kwamba Waarabu wenye mashamba wangemwasi. Frere aliondoka bila mkataba.

Serikali ya Uingereza haikukubali jibu hilo. Kirk alipewa amri ya kumweleza sultani kwamba manowari zingefunga bandari ya Zanzibar. Barghash hakuwa na merikebu za kuzipinga. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ulitiwa saini, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Katika Krismasi ya mwaka huohuo Wamisionari Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa kuu mahali pa soko hilo. Kazi ya ujenzi iliongozwa na Edward Steere, aliyejulikana pia kwa kazi zake juu ya lugha ya Kiswahili. Inasimuliwa kwamba Barghash mwenyewe alitoa saa ya mnara wa kanisa hilo.

Mkataba haukumaliza biashara mara moja. Watumwa waliendelea kupitishwa usiku kwenda Pemba. Manowari ya Uingereza iitwayo London iliwekwa katika bandari ya Zanzibar kuanzia 1874 hadi 1884 ili kuwasaka wafanya magendo; nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba mnamo Desemba 1881 alipolisogelea jahazi lililobeba watumwa. Mnamo 1876 Barghash alipiga marufuku pia misafara ya watumwa ya nchi kavu. Hata hivyo hali ya utumwa yenyewe iliendelea kuwa halali visiwani hadi 1897, miaka tisa baada ya kifo chake.

Safari ya Ulaya

Mnamo 1875 Barghash alialikwa Uingereza. Alipokewa na Malkia Victoria, akatembelea viwanda na miji, kisha akapita Paris na Misri kabla ya kurudi. Alikuwa sultani wa kwanza wa Zanzibar kufika Ulaya. Aliporudi alikuwa na mipango mingi ya mji wake, na baadhi yake inaonyesha kwamba alikumbuka pia yale aliyoyaona Bombay akiwa mhamishwa.

Mwishoni mwa mwaka huohuo jeshi la Misri lilitua Kismayu na Barawa kwa amri ya Khedivi Ismail, lililotaka kufungua njia kutoka pwani kwenda maziwa makuu. Barghash alipinga, na kwa shinikizo la Uingereza Wamisri waliondoka. Tukio hilo lilimwonyesha umuhimu wa kuwa na jeshi na meli zake. Mnamo 1877 alimwajiri ofisa wa jeshi la maji la Uingereza, Lloyd Mathews, kufundisha jeshi jipya.

Kuujenga mji

Meli

Ili kuziba pengo la merikebu zilizozama mwaka 1872, Barghash aliagiza meli Uskoti. Meli hiyo, iliyopewa jina la Glasgow, ilifika Zanzibar mwaka 1878. Umbo lake liliigwa kutoka manowari ya Uingereza yenye jina hilohilo. Baadaye alinunua meli nyingine za mvuke, kama Nyanza na Kilwa, zilizobeba mizigo na abiria katika pwani na hadi Uhindi.

Wakati huohuo Zanzibar iliunganishwa zaidi na dunia. Meli za kampuni ya British India zilianza safari za posta kutoka Aden mwaka 1872, na waya wa simu wa chini ya bahari ulifika kisiwani mwaka 1879.

Maji

Kabla ya Barghash watu wa mji walichota maji ya visima, ambavyo vingi vilikuwa karibu na vyoo na makaburi, au waliyaleta kutoka nje ya mji. Barghash alijenga mfereji na mabomba yaliyoleta maji safi kutoka chemchemi iliyo kaskazini mwa mji, karibu na Bububu. Wakazi waliyapata maji hayo bila malipo. Katika mji uliopigwa na kipindupindu mara kadhaa, kazi hii huhesabiwa kuwa ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote alizozifanya.

Majengo

Barghash alijenga majumba mengi. Hamamu ya mtindo wa Kiajemi iliyojengwa wakati wake iliwapa watu wa mji mahali pa kuoga, na mtaa wake bado unaitwa Hamamni. Kasri la Maruhubi lilijengwa kaskazini ya mji katika miaka ya 1880–1882. Liliungua mwaka 1899 na magofu yake yapo hadi leo. Alijenga pia kasri huko Chukwani. Mnamo 1883 ilikamilika Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, yenye nguzo ndefu za chuma na baraza pana pande zote, ambayo baadaye ilikuwa miongoni mwa majengo ya kwanza ya Afrika Mashariki kuwa na umeme.

Uchapishaji

Karibu na mwaka 1880 Barghash alianzisha mtambo wa uchapishaji uliotoa vitabu vya Kiarabu, hasa vya fikihi ya Kiibadhi. Vitabu hivyo vilifika Omani na Afrika ya Kaskazini, na Zanzibar ikajulikana kuwa kituo cha elimu ya Waibadhi.

Kupotea kwa bara

Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya mikataba na machifu. Mnamo Februari 1885 serikali ya Ujerumani ilitangaza kwamba inayalinda maeneo hayo. Barghash alipinga kwa sababu aliyahesabu kuwa chini ya bendera yake. Mnamo Agosti 1885 manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, huku dada yake Salme akiwa pamoja na Wajerumani. Kirk, aliyekuwa mshauri wake kwa miaka mingi, hakuruhusiwa na serikali yake kumsaidia. Sultani alilazimika kukubali.

Kwa makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, himaya yake ya bara ilipunguzwa kuwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, pamoja na miji kadhaa ya kaskazini. Mnamo Mei 1887 alikodisha sehemu ya kaskazini ya ukanda huo kwa kampuni ya Waingereza iliyoongozwa na William Mackinnon. Kilichobaki mikononi mwake kwa hakika kilikuwa visiwa, na uchumi wa visiwa ulitegemea mikarafuu iliyopandwa baada ya kimbunga.

Kifo

Katika miaka yake ya mwisho Barghash alikuwa mgonjwa. Mwanzoni mwa 1888 alisafiri kwenda Omani akitafuta nafuu, kisha akarudi Zanzibar. Alifariki mwishoni mwa Machi 1888, muda mfupi baada ya kufika nyumbani, akiwa na umri wa miaka 51 hivi. Alizikwa katika makaburi ya kifalme mjini. Alifuatwa na ndugu yake Khalifa bin Said.

Mwanawe Khalid alijaribu kushika usultani mwaka 1896. Tarehe 27 Agosti manowari za Uingereza zililipiga jumba la kifalme kwa mizinga katika vita vilivyodumu chini ya saa moja. Glasgow, iliyonunuliwa kuziba pengo la merikebu zilizozamishwa na kimbunga, ilizamishwa siku hiyo katika bandari ileile.

Kumbukumbu

Barghash hutathminiwa kwa namna mbalimbali. Wengine humwona kuwa mjenzi wa mji wa kisasa wa Zanzibar, wengine mtawala aliyeshindwa kuilinda himaya ya baba yake, na wengine mtu aliyetia saini mwisho wa soko la watumwa kwa kulazimishwa tu. Mji Mkongwe, ambao kazi zake ni sehemu muhimu ya sura yake, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Beit al-Ajaib ilianguka kwa sehemu mnamo Desemba 2020 wakati wa ukarabati.

Kimbunga cha 1872 hakina jengo la kukikumbusha. Alama yake kubwa ni ramani ya mashamba: minazi mingi ya Unguja na mikarafuu ya Pemba. Vimbunga vimebaki kuwa nadra katika pwani ya Tanzania, lakini havijakosekana kabisa. Lindi ilipigwa mwaka 1952, na Kimbunga Hidaya kilifika Mafia mnamo Mei 2024.